Habari za Kuendeleza Maneno Nyumbani, Tangu Chuoni Hata Sinza

Neno la kale la Waswahili kwa kazi hii ni kuendeleza. Kuendeleza neno ni kuzishika herufi zake moja moja, hii kwanza na hii baada yake, na kuzipeleka mbele hata neno litimie. Makamusi ya zamani, kama ile ya Madan ya mwaka 1903 na ile ya Johnson ya mwaka 1939, yaijua maana hiyo. Siku hizi kijana akilisikia neno hilo hufikiri habari za kuendeleza biashara au kuendeleza nchi. Walimu nao husema tahajia, neno tulilolipata kwa Waarabu. Mzazi wa mjini husema kuspeli, na kwa kusema hivyo amekwisha kutupa nusu ya hadithi yetu, maana amelichukua neno kwa Waingereza pamoja na njia yao ya kuifanya kazi yenyewe.

Nia ya maneno haya ni kueleza jinsi watoto walivyofundishwa jambo hili majumbani tangu zamani za vyuo vya Kurani hata leo katika mitaa ya Dar es Salaam kama Sinza. Wengi hudhani kwamba kuendeleza maneno ni kazi ya shule tu, na nyumba haina neno ila kulipa ada na kununua madaftari. Lakini katika pwani yetu shule ndiyo mgeni, na nyumba ndiyo mwenyeji.

Kabla ya kuja herufi za Kirumi, mtoto wa pwani alifundishwa herufi za Kiarabu na mwalimu wa chuo. Chuo chenyewe aghalabu kilikuwa baraza au chumba cha nyumba ya mwalimu, hata si rahisi kusema nyumba iliishia wapi na chuo kikaanzia wapi. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake yalipigwa chapa na Carl Velten mwaka 1903 katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ameziandika habari za mtoto apelekwavyo chuoni, na atakaye kuzijua kwa urefu na asome humo. Hapa yatosha kusema juu ya herufi. Kwanza mtoto alizijua kwa maumbo na vitone vyake: alifu haina kitu, be ina kitone kimoja chini, te ina viwili juu. Akiisha hayo akafundishwa alama za irabu, yaani fataha, kisiri na dhuma. Kila herufi ikatajwa kwa jina, na kila alama kwa jina, ndipo sauti ikatolewa: be kwa fataha, ba, be kwa kisiri, bi, be kwa dhuma, bu. Wote wakasema pamoja kwa sauti kuu, na mdogo wao aliyekuwa akicheza karibu akayashika maneno hayo kwa masikio kabla hajapewa ubao.

Njia hii iliwafaa wanaosoma Kiarabu, kwa sababu Kiarabu kina irabu tatu. Kiswahili kina tano. Basi mwandishi akitaka kuandika kuku akatia kafu mbili na dhuma mbili. Akitaka kuandika koko ya embe, akatia kafu mbili na dhuma mbili vilevile. Tena Kiarabu hakina p, na waandishi wengi waliandika be mahali pake, wala m iliyo mbele ya b haikuandikwa siku zote. Hata maneno matatu, pata, bata na mbata, yaliweza kuvaa kanzu moja. Mafundi wa Lamu na Mombasa walitafuta dawa, wengine wakatia vitone vitatu kwa p kama Waajemi, lakini haikupatikana kanuni moja iliyowafunga wote. Kwa hiyo msomaji alikuwa hana budi ayajue maneno kwanza, kisha ndipo ayasome. Hata hivyo herufi hizo si za kudharauliwa. Kwa herufi hizo watu wa pwani waliandikiana barua na hati za biashara, wakahifadhi tenzi zao, miaka mingi. Wadachi walipoitawala nchi hawakuweza kuziepuka, na mwaka 1901 Velten huyu huyu alitoa kitabu cha kuwafundisha Wadachi wenzake kuisoma hati ya Waswahili.

Na wanawake je? Hapa ndipo nyumba inapoonekana hasa, maana wasichana wengi walifundishwa ndani. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake yapata mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima, na karibu na mwanzo anamwita mtoto akae karibu naye na wino na karatasi. Watu husifu mawaidha ya utendi huo, nami siwapingi. Lakini kwa habari yetu jambo kubwa ni wino ule. Nyumba ambamo mama mgonjwa anamwagiza binti yake alete wino ni nyumba ambamo kuandika kumekwisha kuwa kazi ya kawaida ya mama na mwana.

Haikuwa hivyo kila mahali. Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 katika jumba la Sultani, ameeleza katika kitabu chake kilichopigwa chapa Berlin mwaka 1886 kwamba wasichana wa kwao walifundishwa kusoma, lakini kuandika hakukuonekana kuwa jambo liwafaalo wanawake. Yeye akaamua kujifunza kwa siri. Akatwaa mfupa wa bega la ngamia, ambao watoto waliutumia kama kibao, na kalamu na wino, akaziiga herufi za Kurani moja moja. Hakuna mwalimu katika hadithi hiyo. Kuna mtoto, mfupa na kitabu. Tena jambo hilo halikuisha kama mchezo: mwaka 1859, Barghash alipofanya shauri la kumpindua ndugu yake Majid, walihitaji mtu wa ndani awezaye kuandika barua za siri, na Salme, mwenye umri wa miaka kumi na mitano, ndiye aliyeshika kalamu. Shauri likashindwa, naye baadaye alijuta. Walakini waliowanyima wanawake kalamu hawakuwa wajinga wa nguvu zake.

Herufi za Kirumi zililetwa na wamisionari. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na sarufi yake ilipigwa chapa mwaka 1850. Lakini aliyeweka desturi iliyodumu ni Edward Steere wa Unguja, ambaye kitabu chake cha mwaka 1870 kilishika kanuni nyepesi, kwamba irabu ziandikwe kama za Kiitalia, na konsonanti kama za Kiingereza. Yeyote aliyepata kumwona mtoto wa miaka sita akisoma gazeti la Kiswahili kwa sauti, bila kujua nusu ya maana yake, ameyaona matunda ya kanuni hiyo. Herufi moja ina sauti moja, na irabu haziendi matembezini kama za Kiingereza.

Hata hivyo kila taifa lilikuja na mazoea yake. Katika ramani za Wadachi mlima wetu mkubwa ni Kilimandscharo, Wafaransa wakauandika Kilimandjaro, Waingereza Kilimanjaro, na mlima ni mmoja. Wachaga wakawa Dschagga, na Waswahili wenyewe wakawa Suaheli. Huko Mombasa W. E. Taylor alikwenda upande mwingine. Sikio lake lilikuwa kali mno, akataka kuonyesha kwa alama hata pumzi ifuatayo herufi, maana Mwamvita hutofautisha paa la nyumba na paa mnyama wa porini, na kaa la moto na kaa wa pwani. Alikuwa na haki. Lakini alama nyingi ni mzigo kwa mtoto, na mzigo huo haukufika mbali.

Mashauri ya kupatanisha mambo haya yalifanyika Dar es Salaam mwaka 1925 na Mombasa mwaka 1928, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki ikaanza kazi, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Kamati ilisoma miswada ya vitabu vya shule na kuvisahihisha kabla ya kupigwa chapa. Tangu hapo ndipo kosa la kuendeleza neno likawa kosa kweli. Kabla ya hapo, mtu aliyeandika tofauti na mwenziwe alikuwa wa misioni nyingine, au wa mji mwingine. Baada ya hapo alikuwa amekosea. Alama za pumzi hazikuingia, hivyo mtoto wa Mombasa akapoteza tofauti ambayo ulimi wake ulikuwa nayo, na mtoto wa bara akapona jambo ambalo ulimi wake haukulijua. Hata watu wa Mrima, ambao Dar es Salaam ni kwao, walipaswa kujifunza kuandika kwa ulimi wa ng'ambo ya maji. Kazi ya Kamati iliingizwa mwaka 1964 katika chuo kikuu kilichokuwa Dar es Salaam, na mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa.

Baada ya uhuru nyumba ilipata kazi ya ajabu kidogo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1971 TANU ikaazimia kwamba ujinga wa kusoma na kuandika ufutwe kabla ya mwisho wa mwaka 1975. Wazee wakaenda darasani jioni. Ikawa katika nyumba moja baba na mwana wanaziendeleza silabi zile zile, ba be bi bo bu, na mara nyingi mwana ndiye aliyemsahihisha baba. Sidhani kama kuna wakati mwingine katika habari zetu ambapo heshima ya umri ilijaribiwa kwa upole namna ile.

Sasa tuje Sinza. Mtaa huu ulipimwa viwanja katika miaka ya 1970, kwa mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia, pamoja na jirani yake Kijitonyama. Kwa miaka mingi ulihesabiwa katika Kinondoni. Sasa umo katika wilaya ya Ubungo. Chuo kikuu, yaani Mlimani, hakiko mbali. Waliojenga Sinza walitoka kila upande wa nchi, na nyumba moja yaweza kuwa na baba wa Bukoba, mama wa Upare, dada wa kazi kutoka Singida, na watoto ambao lugha yao ya kwanza, na mara nyingi ya pekee, ni Kiswahili. Katika nyumba kama hiyo ni nani amfundishaye mtoto kuendeleza maneno? Mara nyingi si baba wala mama, ambao wamo njiani katika foleni hata usiku. Ni dada wa kazi, au kaka aliye darasa la sita, au mwalimu wa tuisheni wa mtaani.

Na hapa pana jambo ambalo watu hawalioni. Kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo, amfundishaye mtoto kuandika amemfundisha kwanza kusema. Mwingereza aweza kutamka apendavyo, na bado akaandika sawasawa, maana ameyashika maneno yake kwa macho. Sisi twaandika kwa masikio. Lugha nyingi za bara hazitenganishi l na r. Basi mtoto aliyezoea kusikia karamu hataandika kalamu, na akisahihishwa kwa wino mwekundu hatajua amekosa nini, maana ameandika kwa uaminifu kile alichokisikia. Kadhalika dh huwa z, th huwa s, gh huwa g. Mwenye ulimi wa Kijaluo huikosa sh, na shule ikawa sule. Na h huanguka mbele ya neno, hata ukutani utasoma, kwa herufi kubwa za rangi nyekundu, Usitupe taka apa. Nimewasikia watu wazima wakimcheka mtoto kwa makosa haya na kumwita wa shamba. Ni ukatili, tena ni ujinga. Ulimi huo alipewa na waliomlea. Kumcheka ni kumfundisha kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hawezi kusahihishwa.

Dawa yake ni ndogo, nayo ni ya masikio. Mtoto asikilizishwe maneno mawili mawili yanayokaribiana, mahali na mahari, kula na kura, dhamana na zamani, na aulizwe, bila kalamu mkononi, ni lipi lililosemwa. Akiisha kusikia tofauti, mkono utafuata. Ikiwa aliye nyumbani mwenyewe hawezi kutofautisha, na asijidanganye. Amwite jirani awezaye, kama vile tumwitavyo jirani atufungulie chupa.

Jambo la pili la Sinza ni herufi za Kiingereza. Tangu miaka ya 1990 shule za watu binafsi za mchepuo wa Kiingereza zimeongezeka sana mjini, na wazazi wengi, wakiwa na hamu nazo, humwanzisha mtoto nyumbani kwa majina ya herufi kama Waingereza wayatajavyo: ei, bii, sii, dii. Kuna wimbo wake, nao ni mtamu. Lakini mtoto aliyefundishwa hivyo, ukimpa neno baba, atasema bii, ei, bii, ei, kisha atakutazama. Majina hayo hayaungani kuwa baba, hata uyakimbize vipi. Mwenzake aliyeanza na a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu, au aliyeimba a, ba, cha, da kwa desturi ya shule zetu, ana silabi mkononi tayari. Kiswahili kina herufi 24 tu, ikiwa ch imeshika mahali pa c, na silabi zake nyingi ni konsonanti na irabu. Mtoto akizipata hizo amepata ufunguo wa karibu maneno yote.

Kiingereza hakina ufunguo huo. Make, mate, wake, pole na same ni maneno ya Kiingereza, na mate, wake na pole ni maneno ya Kiswahili pia, na Same ni mji wa Upare. Mtoto ayasomaye kwa kanuni moja atakosea upande mmoja. Ndiyo maana Waingereza wenyewe huwafanyia watoto wao mashindano ya kuendeleza maneno, jambo ambalo kwa Kiswahili lingekuwa kama mashindano ya kupanda ngazi ya vipandio viwili. Simkatazi mzazi kufundisha Kiingereza. Namwomba asizichanganye njia mbili katika saa moja, na aanze na ile ambayo mtoto ana maneno yake kinywani.

Msomaji asidhani kwamba majina ya herufi ni uzushi mpya kabisa. Mtoto wa chuo aliyesema be kwa fataha, ba, naye alitaja jina kwanza. Lakini yeye alifikishwa kwenye sauti kila mara. Wa Sinza huachwa njiani. Na kuna mzaha mmoja wa siku hizi. Vijana katika simu huandika cjui kwa sijui, na k2 kwa kitu, kwa kuwa c kwa Kiingereza huitwa sii, na 2 huitwa tu. Wazee hukasirika. Mimi naona humo akili nyingi: wameligeuza jina la herufi kuwa silabi, kama fundi atumiaye msumari uliopinda. Ila xaxa mahali pa sasa siwezi kuitetea, maana haifupishi kitu.

Je, haya yana uzito gani? Tangu mwaka 2010 shirika la Uwezo lilikwenda nyumba kwa nyumba nchini Tanzania, likawapima watoto huko huko kwao, si shuleni, kwa herufi na silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi. Katika miaka ya kwanza ya kazi hiyo, watoto wa darasa la tatu walioweza kuisoma hadithi ya Kiswahili ya kiasi cha darasa la pili walikuwa yapata 3 katika 10, na wa Kiingereza yapata 1 katika 10. Serikali nayo ilibadili masomo ya madarasa mawili ya kwanza, na mwaka 2015 yakawekwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Yamkini Sinza ni afadhali kuliko vijiji vingi. Lakini mtoto ambaye hakuipata silabi katika miaka hiyo miwili hupandishwa darasa pamoja na wenziwe, na huko juu hakuna tena mwenye nafasi ya kumrudisha nyuma. Akirudishwa, hurudishwa na nyumba, au harudishwi.

Kwa imla ya nyumbani, kitabu si lazima. Jioni mama au dada anapotaka kumtuma mtoto gengeni, asimpe maneno kichwani. Ampe kipande cha karatasi, amtajie polepole, naye aandike: vitunguu, nyanya, bamia, dagaa, pilipili hoho, dhania. Hapo pana kila mtego tuliousema. Dhania itatoka zania mara ya kwanza, na hoho huenda ikapoteza h zake zote mbili. Wala aliyemtuma asisahihishe bado. Mtoto aende na karatasi yake, na ampe mwenye genge aisome kwa sauti mbele ya wateja wengine. Na kile kitakachotiwa katika mfuko kitamwambia kama ameandika sawa.